QueryTracker kwa mwandishi aliyekwisha kujichapishia: tathmini kutoka Mwanza

Mwandishi wa Mwanza akishajichapishia riwaya na kuona nakala zinatoka, swali linalofuata huwa ni namna ya kumpata wakala wa fasihi, yule mtu wa London au New York anayepeleka muswada kwa wachapishaji wakubwa. Jibu analopewa haraka ni QueryTracker, tovuti yenye kanzidata ya mawakala na daftari la kufuatilia barua ulizowatumia. Sifa zake nyingi zimeandikwa na watu wanaoanza na muswada ambao haujaonwa na mtu. Hapa tunaipima kwa mwandishi wa Kanda ya Ziwa ambaye tayari ana kitabu mikononi mwa wasomaji, kwa kuwa hali yake ni tofauti kabisa.

Hukumu yetu ni hii. Huduma ya bure inatosha kwa miezi ya mwanzo, na ni nzuri. Huduma ya kulipia, dola 25 kwa mwaka, ni bei ya haki kwa mwenye muswada mpya wa Kiingereza uliokamilika. Lakini anayetaka kuitumia kukitafutia wakala kitabu kile kile alichokwisha kukiweka Amazon, au riwaya iliyopo kwa Kiswahili tu, atatuma barua nyingi na kuambulia kimya. Tovuti haina kosa hapo. Soko la mawakala ndivyo lilivyo, na ni vizuri kulielewa kabla ya kujisajili.

Kitabu ulichokwisha kukitoa

Wakala anauza haki: ya kuchapa kwa mara ya kwanza, ya kutafsiri, ya kitabu cha kusikiliza, ya filamu. Mchapishaji mkubwa hulipia hasa ile ya kwanza, kwa sababu anataka yeye ndiye awe wa kukileta kitabu sokoni. Ukishajichapishia, haki hiyo umekwisha kuitumia. Hakimiliki inabaki yako, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda hata kama hukusajili popote. Kilichopungua ni thamani ya kitu ambacho wakala angekwenda kukiuza. Ndiyo maana mawakala wengi huandika wazi kwamba hawapokei kazi iliyowahi kuchapishwa, ikiwemo ya kujichapishia.

Kinachoweza kuvunja kanuni hiyo ni mauzo makubwa. Hapo tunazungumzia maelfu ya nakala, kwa bei ya kawaida, ndani ya muda mfupi, na mauzo yawe bado yanapanda. Nakala zilizopakuliwa bure wakati wa ofa hazihesabiwi. Tatizo la huku kwetu ni kwamba hata aliyeuza vizuri mara nyingi hana ushahidi. Kitabu kilichochapwa mjini na kuuzwa mkono kwa mkono, Malimbe kwa wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT, shuleni, kanisani na stendi ya Nyegezi, hakionekani kwenye mfumo wowote ambao mtu wa New York anaweza kuukagua. Kama ndivyo ulivyouza, tunza risiti za mchapaji na daftari la mauzo lenye tarehe na bei, pamoja na ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, uliyopewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Namba zetu hutambulika kwa 9976 au 9987 baada ya 978. Wakala hatakichukua kitabu hicho kwa sababu ya daftari, ila sentensi moja ya kweli yenye tarakimu huupa wasifu wako uzito.

Wapo wanaokimbilia kukifuta kitabu mtandaoni ili kionekane hakijatoka. Msifanye hivyo. Toleo la kielektroniki linaweza kuondolewa, lakini ukurasa wa toleo la karatasi hubaki Amazon hata baada ya kusitisha mauzo, na ukurasa wa Goodreads, tovuti ya wasomaji, hubaki pia. Wakala hutafuta jina lako mtandaoni dakika ile ile anapovutiwa na barua. Akikuta kitabu ambacho hukukitaja, uaminifu umeondoka kabla hamjazungumza. La maana zaidi ni kukagua kama uliingia KDP Select, mpango ulio ndani ya KDP, huduma ya Amazon ya kujichapishia, kwa kuwa mkataba wake wa kuuza toleo la kielektroniki Amazon pekee ni wa siku 90 na hujihuisha wenyewe usipouzima.

Na kama ulikuwa unafikiria kupeleka sehemu ya pili ya riwaya uliyojichapishia, hiyo ni ngumu kuliko zote. Mchapishaji hawezi kununua sehemu ya pili wakati ya kwanza si yake. Peleka hadithi mpya, inayosimama yenyewe.

Ndani ya tovuti

Kujisajili hakuchukui muda: barua pepe, jina la kutumia na neno la siri. Kisha unachuja mawakala kwa aina ya kitabu, kwa nchi, na kwa kuangalia kama wanapokea miswada kwa sasa. Wengi ni wa Marekani, kisha Uingereza na Kanada. Usitarajie kumkuta wakala wa Dar es Salaam humo. Ukurasa wa kila wakala unaonyesha kampuni yake, njia anayopokelea kazi, kiungo cha tovuti yake, wenzake wa ofisi moja, na maoni ya waandishi waliomwandikia. Orodha ya wenzake ina faida kuliko inavyodhaniwa. Kampuni nyingi hazitaki uwaandikie mawakala wawili kwa wakati mmoja, na baadhi zina utaratibu kwamba mmoja akikataa, wote wamekataa.

Sehemu ya ufuatiliaji ndiyo inayotupendeza zaidi. Unaandika tarehe uliyotuma, jibu lilipokuja, na kama uliombwa kurasa zaidi. Akaunti ya bure inabeba muswada mmoja. Ukilipa unaweza kuweka miswada kadhaa, na unafunguliwa taarifa za takwimu: wakala huchukua siku ngapi kujibu, huomba miswada kamili mara ngapi, na ratiba inayoonyesha waliotuma siku za karibu na zako wamejibiwa au la. Ratiba hiyo peke yake inaweza kuhalalisha dola 25. Ukiona waliotuma baada yako wameshakataliwa na wewe bado hujajibiwa, huenda barua yako imewekwa kando isomwe tena. Ukiona hakuna aliyejibiwa kwa miezi minne, wakala ana foleni na huna haja ya kuhangaika.

Tahadhari moja juu ya takwimu hizo: zinatokana na waandishi wanaojaza wenyewe. Wengi hujaza habari njema na kusahau kukataliwa, wengine huacha katikati. Zichukue kama dalili. Pia taarifa ya kuwa wakala yuko wazi inaweza kuchelewa, hivyo neno la mwisho ni lile lililo kwenye tovuti ya wakala mwenyewe. Kwa anayetumia simu, tovuti hufunguka kwenye kivinjari, ila majedwali ni mapana na kuyasoma ni kero. Kazi ya kuchuja ifanyie kwenye kompyuta, hata ikibidi ya kukodi kwa saa, na usisahau kutoka kwenye akaunti ukimaliza.

QueryTracker haikuonyeshi wakala ameuza vitabu gani, na hilo ni pengo kubwa. Mauzo hayo huonekana Publishers Marketplace, tovuti inayoorodhesha mikataba ya vitabu, ambayo nayo ni dola 25, ila kwa mwezi. Njia isiyoumiza mfuko ni kutengeneza kwanza orodha ya mawakala 40 kwa QueryTracker, kisha kulipia mwezi mmoja tu wa Publishers Marketplace, kuwakagua wote, na kusitisha malipo kabla mwezi haujaisha. Manuscript Wish List, wanakoandika mawakala wenyewe wanachokitafuta, ni bure na inafaa kupitiwa kabla ya yote hayo.

Kuhusu kulipa ukiwa Mwanza, kadi pepe za Visa au Mastercard za kwenye simu au kadi ya benki iliyofunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni ndizo hutumika kwa tovuti kama hizi. Weka zaidi kidogo ya kiasi kinachotakiwa, kwa kuwa ubadilishaji wa fedha na makato huongeza bei, na malipo hukwama kwa kupungua shilingi chache.

Fomu ya QueryManager

Mawakala wengi waliomo QueryTracker hupokea kazi kwa fomu iitwayo QueryManager. Kwa mwandishi haina malipo, na unaweza kuitumia bila kuwa mwanachama. Inaomba jina la kitabu, aina yake, idadi ya maneno, barua ya utambulisho, muhtasari, wasifu wako, na kurasa za mwanzo ambazo huzibandika moja kwa moja kwenye kisanduku. Baadhi ya mawakala huongeza swali la vitabu ulivyokwisha kuchapisha. Lijibu kikamilifu.

Andika kila kipande kwenye Word kwanza, kisha nakili na kubandika. Umeme ukikatika au bando likiisha katikati ya kujaza, yaliyoandikwa ndani ya fomu yanaweza kupotea. Ukibandika, herufi za mlazo na nafasi za aya huvurugika mara nyingi, kwa hiyo pitia aya kwa aya na uache mstari mmoja kati yake. Baada ya kutuma unapata barua pepe yenye kiungo cha kuangalia hali ya ombi lako. Iweke kwenye folda yake, maana wakala mwingine hakuandikii tena, na jibu utalikuta hapo tu.

Mawakala wanaopendwa hufungua fomu kwa muda mfupi na kuifunga foleni ikijaa. Ikitangazwa kwamba itafunguliwa saa tatu asubuhi ya New York, hapa ni saa kumi jioni wakati wao wa kiangazi, na saa kumi na moja jioni wakati wao wa baridi. Ya London saa tatu asubuhi, hapa ni saa tano au saa sita mchana.

Barua yenyewe

Tovuti haiwezi kukusaidia hapa, na ndipo waandishi wetu wengi wanapoanguka. Barua ya utambulisho ina maneno 250 hadi 350. Inataja jina la riwaya, aina, idadi ya maneno, na vitabu viwili vya miaka ya karibuni ambavyo msomaji wake angependa pia hiki. Kisha aya moja au mbili za hadithi, na mwisho wasifu mfupi. Wengi hujaza aya za hadithi kwa maudhui, kama walivyofundishwa kuchambua riwaya shuleni:

"Riwaya hii inahusu changamoto za wanawake wa Kanda ya Ziwa, umaskini, mapenzi na usaliti."

Hapo hakuna mtu, hakuna kinachotakiwa, hakuna cha kupoteza. Wakala hawezi kuomba kurasa za mada. Linganisha na hii:

"Nyamizi, mkausha dagaa wa Igombe, ana usiku tisa wa giza, kabla mwezi haujarudi, wa kulipa deni la injini ya mtumbwi aliyoiacha mumewe. Akishindwa, mkopeshaji anachukua kiwanja. Usiku wa saba mtumbwi unarudi nchi kavu, na ndani yake yumo mtu ambaye kijiji kizima kilimzika."

Maneno hayazidi 50. Kuna mhusika, muda, gharama na mlango wa kuingilia. Tena giza la mwezi limefanya kazi mbili: mvuvi wa ziwa anajua dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mwezi, na msomaji wa mbali anaelewa kwamba siku zinahesabika bila kupewa somo la uvuvi. Ziwa likiandikwa hivyo halihitaji kuelezwa. Mwandishi anayesimamisha hadithi ili kumweleza mgeni karabai ni nini anaua sura yake ya kwanza kwa mkono wake.

Kujichapishia kutajwe kwenye wasifu, kwa sentensi moja na bila kuomba radhi: "Riwaya yangu ya kwanza niliichapisha mwenyewe mwaka 2021, hii haijachapishwa popote." Kama mauzo yalikuwa makubwa, ongeza idadi na kipindi. Kama yalikuwa ya kawaida, acha. Usibandike kiungo cha Amazon kwenye barua, usinukuu sifa ulizopewa na rafiki, na usimwambie wakala kwamba familia yote ilikipenda.

Idadi ya maneno huwakwaza wanaotafsiri kazi zao. Riwaya ya watu wazima kwa soko la Kiingereza hutarajiwa kuwa kati ya maneno 80,000 na 100,000. Muswada wa Kiswahili huonekana mfupi kwa sababu kitenzi chetu kimoja hubeba nafsi, wakati na mtendwa, hivyo kazi ya maneno 65,000 inaweza kufika kiwango hicho ikishakuwa Kiingereza. Hesabu baada ya kutafsiri. Na kama aliyetafsiri ni mtu mwingine, mwandikiane kabla hajaanza: tafsiri ni kazi yenye hakimiliki yake, na wakala atakuuliza nani anaimiliki. Makubaliano ya mdomo kati ya marafiki huvunjika siku fedha zinapoonekana.

Muhtasari ni maneno 500 hadi 800, na unataja mwisho wa hadithi. Waandishi wengi huuficha mwisho wakidhani wanamvutia wakala, kumbe wanamnyima kile alichokiomba.

Tuma kwa mawakala 5 hadi 10 kwa awamu, kisha subiri wiki 6 hadi 12. Hakuna hata mmoja aliyeomba kurasa zaidi? Barua au kurasa za mwanzo zina kasoro, zirekebishe kabla ya awamu ya pili. Wameomba muswada wote kisha wakakataa? Barua ni nzuri, tatizo liko ndani ya kitabu. Daftari la QueryTracker ndilo litakaloonyesha tofauti hiyo, mradi ulijaze kila jibu.

Fedha na matapeli

Wakala halali hakuombi hata senti kabla. Anachukua kamisheni ya asilimia 15 kwa mauzo ya soko lake na kwa kawaida 20 kwa mauzo ya nje, akikata kwenye fedha za mchapishaji zinapoingia. Malipo ya awali, yale ambayo mchapishaji humpa mwandishi kabla ya mauzo, nayo huja kwa vipande: kusaini, kukubaliwa kwa muswada, na kutoka kwa kitabu. Marekani haina mkataba wa kodi ya mapato na Tanzania, hivyo mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika mauzo, unaotoka huko hukatwa asilimia 30. Aliyejaza W-8BEN, fomu ya kodi ya Marekani, wakati wa kujichapishia KDP anaijua hesabu hiyo.

Aliyejichapishia ndiye mawindo rahisi ya matapeli, kwa sababu jina lake na mara nyingi barua pepe yake vimo kitabuni. Anaandikiwa na "wakala" anayesema amekisoma, kampuni kubwa au watengeneza filamu wanakitaka, ila kwanza kilipiwe leseni, uhariri au maonyesho ya vitabu. Wengine hutumia majina ya mawakala wa kweli. Angalia anwani ya barua pepe inaishia na nini na ulinganishe na tovuti ya kampuni, kisha tafuta jina hilo Writer Beware, huduma ya bure ambayo imekuwa ikifichua hila hizi tangu 1998. Wakala mwenye foleni ya barua hana sababu ya kukufuata Mwanza akikuomba ada.

Kama riwaya ni ya Kiswahili

QueryTracker haikufai, okoa dola zako. Huku kwetu mwandishi humwendea mchapishaji moja kwa moja, kama Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Tuzo nazo ni mlango wa kweli. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, hupokea miswada. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell imekuwa ikipokea miswada na pia vitabu vilivyotoka karibuni. Soma masharti ya mwaka husika, hasa kifungu cha kazi iliyokwisha kuchapishwa, kabla hujapeleka muswada wako wa pili kwa mchapaji. Ukishauchapa, baadhi ya milango hiyo hufungwa.

Ukipata ndiyo

Wakala akikutaka, mtaongea kwa simu au video. Usikubali hapo hapo. Omba wiki mbili, waandikie wote wenye muswada wako na barua zako ambazo hazijajibiwa kwamba umepata ofa, na uwape tarehe ya mwisho. QueryTracker itakuonyesha kwa dakika moja nani bado hajajibu, na siku hiyo ndipo utashukuru ulijaza kila mstari. Kisha omba mkataba uusome. Tafuta kamisheni, namna ya kuvunja mkataba na notisi ya siku ngapi, na kazi zipi zinaingia. Riwaya uliyojichapishia itajwe kwa jina ndani ya mkataba: ama wakala anaichukua kuuza haki za tafsiri na filamu, ama inabaki nje kabisa na mrabaha wake wote ni wako. Isipotajwa, na mkataba ukisema "kazi zote za mwandishi", anaweza kudai asilimia 15 ya nakala unazoziuza mwenyewe.